Karatasi Zilizodhaniwa Talasimu

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na nyumba yetu ya Kuze imekunywa maji mpaka kuta zinatoka jasho. Nimeketi kitandani na kompyuta mapajani, kichwa chaniuma kwa kulia. Leo sina salamu wala mzaha. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele, na nikipiga kelele Baba atasikia.

Karatasi za Baba zimechomwa.

Waliozoea kupita kwenye blogu hii wanamjua Baba na mashine yake, lakini wacha niseme upya, maana leo nahitaji mtu aelewe. Baba alikuwa fundi wa mitambo bandarini Kilindini. Ofisi yao ilipotupa kompyuta zake za mwanzo, zile za biti nane zinazoonyesha maandishi kwenye televisheni na kuhifadhi kazi kwenye kanda za kaseti, yeye alijitwika moja mpaka nyumbani. Mama, Mungu amrehemu, alimuuliza kama ndiyo ameleta mke wa pili. Katika mashine hiyo Baba alikusanya maneno ya Kimvita, ya bibi zake na majirani waliokwisha kufa, kila neno na sauti yake. Paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa pwani: sisi shuleni tuliyaandika sawasawa, ingawa wazee waliyatamka mbali mbali. Yeye aliipa kila sauti herufi yake, na kila herufi akaipa nambari yake ndani ya mashine. Kanda zipo, ziko kabatini, nzima. Ila bila jedwali la zile nambari, kinachotokea kwenye televisheni ni alama tupu zisizosomeka.

Jedwali lilikuwa kwenye karatasi.

Mwongozo wa mashine ulikuwa mali ya ofisi, kwa hivyo Baba aliunakili kwa mkono kabla ya kuurudisha. Na kwa kuwa alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla hajatia mguu skuli, aliunakili kwa Kiswahili cha herufi hizo, kisha akaongeza pembeni aliyoyagundua mwenyewe. Prosesa, ubongo wa mashine ile, ina kilema ambacho mwongozo wenyewe haukukitaja. Kumbukumbu yake imegawanywa kurasa kurasa. Ukiiambia iende mahali, na anwani ya mahali hapo ikawa imeandikwa nusu mwisho wa ukurasa mmoja na nusu mwanzo wa unaofuata, haifungui ukurasa wa pili. Hurudi juu ya ule ule, ikachukua nusu isiyo yake, ikapotea. Mtu mwingine angekwepa. Baba, kwa ukaidi wake, aliijenga programu yake juu ya kilema hicho makusudi, akijua kila mara itarudia wapi. Ndiyo maana nilipotia prosesa ya toleo la baadaye, ambamo kosa hilo limesahihishwa, programu iliganda. Siri za mahali alipoitegea zilikuwa kwenye karatasi zile zile, nami sikuwa nimefika hata nusu ya kuzisoma.

Tangu apatwe na kiharusi, Baba hasemi. Yamebaki macho, na mkono wa kushoto kidogo. Shangazi Mwanakombo, dada yake, amehamia kwetu kumuuguza. Humlisha, humgeuza, humkanda miguu, humsomea Yasini, na sijaona mtu anayempenda nduguye hivi. Naliandika hili kabla ya mengine kwa sababu leo jioni nilimchukia.

Juzi niliona karatasi zimeanza kuota ukungu sandukuni. Nikazitoa, nikazitundika kwenye kamba chumba cha juu, kwa vibanio vya nguo, zikauke nizipige picha. Chache nilizojaribu zilitoka na kivuli cha mkono wangu. Nikasema nitangoja jua. Wala sikuwa na wasiwasi, maana Shangazi hapandi ngazi kwa ajili ya magoti yake.

Leo alipanda, kutafuta shuka kavu.

Najaribu kujitia mahali pake. Ndugu yako amefungika ulimi, madaktari wamesema waliyosema, umeomba mpaka sauti imekauka. Unafungua mlango na kukuta karatasi zimetanda ukuta hadi ukuta. Juu ya kila moja pana Bismillahi, maana Baba hakuanza jambo bila hiyo. Chini yake miraba, na ndani ya miraba nambari na herufi za Kiarabu moja moja, alifu, be, jimu, dali, ambazo hazitoi neno lolote. Mashine huhesabu kwa kumi na sita, si kwa kumi, na nambari sita za ziada Baba aliziandika kwa herufi zile. Mimi nikitazama naona hesabu. Shangazi aliona talasimu. Aliona kile kilichomfunga ndugu yake, kimetundikwa juu ya kichwa chake, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Akazikusanya zote akazipeleka kwa maalim wa madrasa ya mtaani.

Niliporudi kutoka kazini alinipokea mlangoni na habari hiyo kama anayenipa habari ya harusi. Nilikimbia mvuani na viatu vya ofisi, nikateleza njiani, nikafika kwa maalim nimelowa nina tope mpaka magotini. Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, usidhani sikuzisoma," aliniambia. "N'lizisoma kwanda. Imeandikwa: ukimwita mwisho wa ukurasa, hendi mbele, hurudi juu akapotea. Sasa hayo ni maneno ya kheri hayo?"

Nikacheka. Mbele ya mtu mzima, na matozi yanitiririka, nikacheka kwa sauti. Hakukosea hata neno. Alikuwa amesoma maelezo sahihi kabisa ya kilema cha prosesa, na pengine ndiye mtu wa mwisho duniani kuyasoma. Alizitia moto ndani ya debe, akaomba dua, na jivu akalimimina baharini, kwa heshima ya jina la Mungu lililokuwa juu. Kila kitu alikifanya kwa adabu. Sikuwa na mtu wa kumgombeza, na hilo ndilo linaloniua.

Baada ya magharibi nilirudi nikamkuta Shangazi akimnywesha Baba uji. Nilitaka kumwashiria anyamaze. Nilichelewa.

"Kaka, kile kilichokufunga n'shakitoa," alikuwa akimwambia, uso wang'aa. "Zile karatasi za juu zimetiwa moto zote. Sasa utanena, inshallah."

Baba akalia. Tangu augue hajalia hata siku moja.

"Tizama matozi!" Shangazi akapiga vigelegele. "Yuwahisi! Alhamdulillahi! Ndoo, mwanangu, ndoo utizame mato ya babako!"

Nilikwenda nikayatazama. Katika chumba kile mimi peke yangu nilijua analia nini.

Kisha akafunga kinywa. Shangazi akileta kijiko, uji wamwagika kidevuni. Akabembeleza, akaimba, akatia sukari. Baba amegeuza uso ukutani. Furaha ikaanza kumtoka Shangazi, akanigeukia. "Sema naye wewe. Wewe ndiye mwandani wake."

Nikainama sikioni pake. Nikamwambia, Baba, zipo. Nilizipiga picha kabla. Macho yake yakaniuliza kama ni zote, nami nikamwambia zote.

Akafungua kinywa, akanywa uji mpaka bakuli likaisha. Shangazi alisujudu hapo hapo sakafuni.

Sasa niko hapa na picha chache zenye kivuli, na kanda nzima za maneno nisiyoweza kuyasoma. Masikio yangu hayazitengi zile sauti, mimi ni wa t moja na p moja. Katika nyumba hii anayeweza kuzitenga akazitamka ni Shangazi, na nikimwomba anisaidie kulijenga jedwali upya, itanibidi nimwambie ni nini alichokitia moto. Nimvunje yupi ndipo nimwokoe yupi?

Kesho Baba atataka kuziona.