Ubao wa Mbuzi wa Merti

Alhamisi, Agosti 1983

Ati "Nyama asili, mbuzi wa Merti"! Mwenye bucha mpya ameandika hivyo kwa ubao mkubwa mlangoni.

Nikamwambia, "Nionyeshe kichwa." Kila ukoo hukata masikio ya mbuzi wake alama yake. Nimeolewa Merti, za huko nazijua.

Akanionyesha muhuri wa buluu kwenye paja la mbuzi lililoning'inia. "Mama, daktari amepitisha."

"Huo unasema mbuzi hakuwa mgonjwa. Hausemi alilishwa wapi."

Akaleta kichwa, hataki kuniangalia. Masikio yote mawili yalikuwa yamekatwa mpaka shinani, alama hakuna.

Nikacheka, nikaondoka. Lakini kesho mama mkwe anafika kutoka Merti, na nyama sina. Nina wasiwasi kidogo.

Basi atakula maharagwe, na nitamwambia ni maharagwe.