Injini Haiingii Ndani

Jumatatu, 9 Machi 1953
Nimepima oili, nimejaza petroli injini ikiwa baridi. Nimeiwasha saa tatu. Taa za zahanati ya mgodi zimewaka. Mvua tena. Mabati niliyoezekea injini yamepeperuka. Nimeomba kibanda tangu Januari. Sijapewa.

Jumanne, 10 Machi
Meneja anataka injini iingie stoo, chumba kinachopakana na wodi. Isilowe, isiibwe. Nimekataa. Nimemwambia hewa ya moshi wake inaua, na huioni. Vitani Burma nilizika wenzangu wawili waliolala na injini kama hii ndani ya hema lililofungwa.
"Wewe boi wa injini, si daktari," akasema.
Nina miaka thelathini na minne. Nina watoto wanne. Si boi.

Alhamisi, 12 Machi
Nimeondolewa. Nasukuma toroli la mawe. Injini kapewa nyapara Luhende. Iko stoo. Nimemkuta anaongeza petroli huku inanguruma, sigara mdomoni. Nikamwambia azime kwanza, aiache ipoe.
"Rudi kwenye mawe yako."
Nimerudi kwenye toroli.

Ijumaa, 13 Machi
Jioni nimekwenda wodini kuwaona Shija na Ngassa, wachimbaji walioangukiwa na mwamba. Injini ilikuwa imezimwa. Nikawauliza hali.
"Mhola duhu," akajibu Shija. Salama tu. Lakini kichwa kinamgonga na ametapika. Ngassa vivyo hivyo. Dresa Mihayo, anayewauguza, anasema malaria. Wote wawili, siku moja? Nimemsihi asifunge madirisha. Nimekwenda kwa meneja. Hakunifungulia.

Jumamosi, 14 Machi
Mvua ya upepo. Kutoka relini nimeona madirisha ya wodi yamefungwa, injini inanguruma. Nimeacha toroli njiani. Nimegonga. Hakuna jibu. Ndani, Mihayo chini karibu na meza. Nimebana pumzi, nimeingia stoo, nimezima, nimefungua kila mlango. Nimewaburuta nje mmoja mmoja. Luhende akaja kunizuia. Alipomwona Mihayo, akashika miguu ya Shija.
Mihayo kazinduka. Shija kazinduka.
Ngassa hakuzinduka.

Jumatatu, 16 Machi
Meneja ana karatasi. Inasema Ngassa kafa kwa homa. Niweke sahihi kama shahidi, nirudishiwe injini yangu.
Nimekata neno homa. Juu yake nimeandika: moshi wa injini, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Kisha nimeweka sahihi. Mihayo, bado anayumba, akachukua kalamu akaandika jina lake chini ya langu. Luhende hajui kuandika. Kaweka dole gumba.
Meneja kanifukuza kabla wino haujakauka. Sijuti hata kidogo.

Ijumaa, 20 Machi
Nimefika Masumbwe, nyumbani kwa mama yake Ngassa. Nimemwamkia. Alikuwa anapalilia karanga. Aliletewa habari ya homa.
Nimemweleza ilivyokuwa. Stoo, madirisha, Jumamosi. Sikuruka kitu. Aliuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliumia.
"Alikuwa amelala, mama," nikasema.
Akanipa jembe la pili. Tumepalilia mpaka mstari wa mwisho.