Tete Juu ya Mlango

Ha Ramokoatsi, 11 Juni 2020

Binti yangu Puseletso,

Nakusalimu kutoka milimani, ambako theluji imeanza kulala juu ya mapaa, na simu zimenyamaza tangu mnara uanguke. Mimi sijambo. Mama yako hajambo kidogo tu, na ndiyo sababu ya barua hii, ninayomkabidhi Teboho, mwendesha pikipiki wa zahanati, aibebe pamoja na kisanduku chake cha sampuli.

Anakohoa tangu Jumapili, na mwili unachemka. Zahanati wamemchukua sampuli ya puani, wakamrudisha nyumbani bila hata kidonge. Mwenye kikohozi haruhusiwi kuingia ndani kabla ya majibu. Wewe ni muuguzi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niambie la kufanya.

Baba yako

*

Maseru, 15 Juni 2020

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Natamani ningekuja mwenyewe, lakini barabara zimefungwa, na wenzangu wanne wodini wanaumwa. Sisi tuliobaki tunajifunga mifuko ya plastiki kifuani.

Sampuli ya mama itapelekwa nchi jirani ikapimwe huko, nyuma ya foleni ya wenyeji. Mweke peke yake kwenye nyumba ya nafaka. Asiingie mtu. Hata wewe, baba. Chakula kiache kizingitini. Majibu yakisema hana ugonjwa huo, siku hiyohiyo ingia, na zahanati watamtibu kikohozi chake.

Mwanao

*

Ha Ramokoatsi, 24 Juni 2020

Binti yangu,

Natumaini u mzima na hiyo mifuko yako. Agizo lako nimelitii, ila naona aibu kukueleza nilivyolitii.

Hapa kijijini hakuna aliyeelewa maana ya karantini. Nikaona nitumie alama wanayoiheshimu: nikachomeka tete la mtoni juu ya mlango, kama tufanyavyo kwa mwanamke aliyejifungua. Kesho yake akaja 'Mamotlatsi, shoga wa mama yako, akasimama uani akicheka hadi akashika mbavu.

"Mwalimu! Umemzalisha bibi wa miaka sitini na minane? Wa kiume au wa kike?"

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua: tete huzuia wanaume. Vikongwe huingia wapendavyo. Waliingia, yeye na wenzake wawili, na uji mchachu wa mtama, wakamkanda mgongo. Nilipowafokea, 'Mamotlatsi alinijibu, "Nyamaza wee. Ya nyumba ya tete hayakuhusu." Basi aliyezuiwa ni mimi peke yangu.

Kila asubuhi nasimama nje, nazungumza na mama yako. Juzi alisema, "Khoarai, mara ya mwisho kusimama mlangoni hivi ulikuwa unanichumbia. Hukuwa mwoga kiasi hiki." Jana sauti ilikuwa ndogo. Aliniomba nimfunike blanketi lake la harusi, kwani mikono imekosa nguvu. Nililisukuma ndani kwa fimbo, nikaondoka haraka nisisikie kama amelifikia.

Nimekwenda zahanati mara nne. Wanasema tusubiri. Majibu yako wapi, Puseletso?

Baba yako

*

Ha Ramokoatsi, 5 Julai 2020

Puseletso,

Mama yako alifariki Ijumaa asubuhi. 'Mamotlatsi ndiye aliyemshika. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nikisikia.

Watu wa zahanati walikuja na mavazi yao meupe wakamzika siku hiyohiyo. Hatukukesha naye. Hatukumwona uso.

Vikongwe wale watatu hawana hata mafua. Nieleze, muuguzi wangu, maana wao waliingia na mimi sikuingia.

Baba

*

Maseru, 29 Julai 2020

Baba mpendwa,

Pole, na poleni nyote. Nisamehe ukimya huu. Nilianza kukuandikia mara nyingi.

Majibu ya mama yamefika kwetu leo. Alikuwa na ugonjwa huo, baba. Ulifanya sawasawa. Kama ungeingia, tungewazika wawili. Kuhusu bibi zetu, usishangae: wapo wanaoupata wasiumwe kamwe. Tumewaona wengi. Tafadhali lala ukiwa na amani.

Mwanao akupendaye

*

Ha Ramokoatsi, 8 Agosti 2020

Binti yangu Puseletso,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi naamka, nakula, theluji inayeyuka.

Yako nimeipata, nikaisoma mara tatu. Lakini Teboho alikuja na karatasi mbili. Ya pili ilitoka maabara kwenda zahanati, na muuguzi wa hapa alinipa niisome kwa macho yangu. Mama yako hakuwa nao. Nilimuuliza basi ni nini kilichomuua. Akasema huenda homa ya mapafu tu, ya baridi, ile wanayoitibu kila mwaka kwa vidonge vya siku saba. Kabati la vidonge alikuwa amelipa mgongo.

Sikukukasirikia. Uliniamuru kwa sababu hukuwa na kingine cha kunipa, na ulinidanganya kwa sababu hiyohiyo. Vikongwe wakiniuliza, nitawajibu kama ulivyoandika.

'Mamotlatsi ananisihi niliondoe tete, eti watoto wanaulizana nani amezaliwa. Bado lipo. Ila jana nilipita chini yake, nikaingia. Fimbo yangu ingali kizingitini. Blanketi vikongwe walilikunja na kuliweka upande wa mama yako wa mkeka, nami nikaketi upande wa pili mpaka jua likazunguka nyumba.

Barabara zikifunguliwa, njoo. Ukifika, usisimame mlangoni.

Baba yako