Mama, kuna fundi

Mama Kipusa,

Gari la kazi limenifuata mapema, nanyi bado mko kliniki. Msifungue bomba la jikoni mpaka saa nane, gundi haijakauka. Uji wa Kipusa uko kwenye chupa ya chai. Stuli nimeipandisha juu ya kabati, maana siku hizi binti yako anaisukuma hadi mlangoni na komeo analifikia.

Si ndivyo alivyonifungulia asubuhi? Wiki sita sipo, napiga hodi, anatazama sanduku langu la vifaa, anaita: “Mama! Pundi!” Nawe ukiwa bafuni: “Mwambie asubiri.” Nikasubiri, kwenye kiti cha wageni.

Ulipotoka ulicheka mpaka ukashika ukuta. Mimi sikucheka, wala sikuumia. Nilikuwa kama jino lililodungwa ganzi. Nikatengeneza bomba, ndiyo kazi ya fundi.

Nilipoondoka safari ile alikuwa na neno moja tu, “maji”. Sasa anayo mengi. La kwangu halimo.

~~Mwezi huu sirudi tena.~~ Narudi Jumapili, saa nne. Usimfundishe kitu. Wewe iteremshe stuli tu, nitapiga hodi.

~~Fundi~~
Baba yake