Mtu wa Kukaa Tu

2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na kikohozi kimekuacha. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinachonipeleka mbio. Daktari amekipa jina, ADHD, yaani akili isiyotulia mahali pamoja. Si uvivu, Baba, wala si utundu. Ndivyo nilivyozaliwa.

Nimepata kocha wa maisha, mama mmoja aliyekuwa muuguzi, anayesaidia watu wa aina yangu. Hanipi mawaidha, ananiuliza maswali tu. Namhitaji. Karakana yetu inavika vitambaa viti vya ukumbi, na vyangu vyote nimevianza, hakuna kilichokwisha. Hiki kina sponji hakina kitambaa, kile kina kitambaa hakina miguu. Bosi amesema visipokwisha mwisho wa mwezi, nitafute kazi kwingine.

Kocha aliniuliza ni lini maishani niliwahi kumaliza kitu. Nikakumbuka pale mezani nyumbani, nikifanya kazi za shule, marehemu Mama pembeni akichambua mchele bila kusema neno. Kocha akaniambia, "Basi tafuta mtu wa kukaa tu." Asinisaidie, asinisimamie, awepo. Wewe ungemchagua nani?

Binti yako,
Pia

9 Machi

Mwanangu Pia,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, kikohozi kimehamia kwa jirani. Jina la Pia tulikupa kwa kuzunguka kwako kama pia ya watoto, kumbe madaktari nao wana lao.

Fundi wa makochi kupata kocha, hilo limenichekesha mpaka chai ikanipalia. Lakini nina maswali. Huyo mama anakuona, au anakusikia tu? Akili yako ikiondoka inakwenda wapi? Na ikirudi, inakuja na nini? Nijibu, nataka kujua kweli.

Kuhusu mtu wa kukaa, usihangaike. Shangazi yako yuko huko huko mjini na mchana hana kazi. Nimeshamwambia, anakuja Jumatatu.

Baba yako

17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na usingizi unaupata?

Shangazi alikuja. Alikaa, ila mdomo wake haukukaa. Kufikia saa ya chakula alikuwa ameshamtafutia bosi wangu mchumba na kumfundisha fundi mwenzangu kushika nyundo. Bosi akamwomba kwa heshima zote asirudi tena. Kiti kimoja nilikimaliza, nacho kitambaa nimekipigilia upande wa ndani ukiwa nje.

Kocha tunaonana naye kwa simu. Na akili yangu haiendi mbali. Naona springi, nawaza ni nani aliyekunja ya kwanza duniani, nikishtuka nyundo bado iko mkononi na jua limehama ukuta. Ikirudi huja na swali. Leo imekuja na hili: Mama alijuaje? Hakuwahi hata kuniambia "soma".

Naogopa, Baba. Naipenda kazi hii, na siku zinakwisha.

Pia wako

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usingizi naupata, ila barua yako imeuchelewesha.

Mchele ule ulikuwa safi. Nilikuwa naununua mwenyewe, umeshachambuliwa dukani. Siku moja nikamuuliza mama yako anatafuta nini humo. Akanijibu, "Nikiondoka hapa, mtoto naye anaondoka." Akimaliza anaurudisha kwenye chombo, kesho yake anaanza upya. Habari za makocha hakuzisikia popote. Alikuangalia tu mpaka akakujua.

Sasa mimi kuchambua siwezi, ila kunyamaza naweza, na mama yako alinilalamikia hilo maisha yake yote. Asubuhi ukianza kazi nipigie, simu uiweke karibu na misumari. Nitakuwa upande wa pili, sisemi kitu.

Baba yako

2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Viti vimekwisha.

Ulipopiga chafya kwenye simu na kuviomba viti samahani, karakana nzima ilicheka. Mara nyingine niliinuka kwenda dirishani, nikakusikia umejisogeza kitini, nikarudi mahali pangu. Bosi alivikalia kimoja kimoja. Hakunisifu, akanionyesha tu mzigo mwingine unaonisubiri. Nimebaki kazini, Baba! Kocha anakusalimia na anauliza unawaza nini ukiwa umenyamaza.

Fundi wa meza ya jirani amekubali kuisogeza meza yake karibu na yangu, naye si msemaji. Kwa hiyo pumzika sasa. Nimekuchosha vya kutosha.

Binti yako,
Pia

8 Aprili

Mwanangu Pia,

Marahaba, na hongera. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mwambie kocha kwamba nilikuwa nasikiliza nyundo. Siku hizi najua ukigonga taratibu uko kwenye kona, na ukigonga haraka kitambaa kimenyooka. Nyundo ikinyamaza najiuliza umeona nini, na nikiwaza hivyo saa zinapita. Tangu mama yako atutoke, hakuna mtu aliyefanya kazi yoyote karibu yangu. Nilikuwa nanyoa ndevu kwa ajili ya ile simu, nawe huoni ndevu zangu.

Unasema nipumzike. Nimepumzika sana, mwanangu, sina kazi nyingine humu ndani. Upweke huu sikuwahi kukuambia kwa sababu hukuuliza, na mimi si msemaji.

Huyo fundi jirani mpe shukrani zangu. Akae na wewe Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi nipigie mimi, hata kama huna la kusema.

Baba yako