Wimbo Walioniimbia Shambani

Mume wangu Elia,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Chemchem. Babu yako anakohoa kidogo tu, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza ufanye nini, maana tangu wanafunzi wenzako wakuchague kiongozi, wanakusema kila kona.

Nikiwa msichana kule Usinge, nilichaguliwa kuongoza kikundi chetu cha kulima. Kwetu kiongozi hakuitwa pembeni aambiwe kosa lake. Aliimbiwa shambani, majembe yakienda. Asubuhi moja, ukungu ungali umelala juu ya matuta, nikasikia sauti nyuma yangu: "Kiongozi wetu ana mbio, wenye watoto mgongoni anawaacha." Wote wakaitikia. Nilitamani kutupa jembe nirudi nyumbani. Lakini mikono ilikuwa imeshaufuata wimbo, na ulikuwa mtamu, mume wangu, kama unatoka ndani ya ukungu wenyewe. Nikapunguza mwendo. Nikaitikia nao.

Mpaka leo nikipalilia mchicha wangu, wimbo ule ndio unaonitoka mdomoni. Siku ya mavuno waliniimbia mwingine, wa kunisifu. Huo nimeusahau.

Mkeo wa zamani,
Bibi Monika