Kinu cha Sinema, Nyansiongo

Dada Zena,

Shikamoo. Huku ni baridi, nalala na koti. Watu wa sinema ninaowaendeshea lori wanapiga picha kwenye kinu cha maji cha zamani, kilichoacha kusaga miaka mingi, kimebaki cha kuonyeshwa wageni tu. Jana akina mama wa hapa walipangwa foleni na vikapu vilivyojazwa majani na kufunikwa kitambaa, wajifanye wamekuja kusaga. Picha ikaisha, wakaenda zao, akabaki mama mmoja. Kikapu chake kilikuwa na nafaka halisi, wimbi la uji. Alikuwa amesikia kinu kimefufuka, akatembea tangu alfajiri.

"Mama, hii ilikuwa ya picha," Nyakundi, mtunza kinu, akamwambia.

"Binti yangu amezaa juzi. Sasa nitampikia uji wa picha?"

Nyakundi alipanda juu, akafagia utando wa buibui, akashusha jiwe, nami nikafungua maji. Unga wa kwanza ulitoka na mchanga, tukaumwaga. Kisha ukaja mwekundu, wa moto, unanukia. Yule mama aliushika kiganjani muda mrefu, hata hakutuangalia.

Dada, ile cherehani ya marehemu baba, niliyokuandikia kwamba ni chuma tu, umpe mwenye kununua vyuma, usimpe. Itie mafuta. Mungu akuweke, nami nikirudi nikute imewashonea watoto nguo za Idi.

Nduguyo,
Salimu